Jina langu li wapi? Wachora vibonzo waliofanya picha zitembee

  Wiki hii zamu ya insha ya historia imeniangukia mimi. Nilikuwa niandike juu ya visiwa vyetu, Chovai na Chula na Koyama, lakini kuna swali limenikaa kooni tangu mwaka jana na nimeona nilitoe kwanza.

Mwaka jana shirika moja, silitaji, lilikuja kituo cha vijana likitaka michoro ya watoto. Walitaka kutengeneza filamu fupi ya katuni kuhusu kunawa mikono. Mimi ndiye niliyepita bloku kwa bloku kukusanya, kwa sababu watoto wa kuchora nawajua. Nikapata karatasi arobaini na kitu, nikazitia kwenye bahasha, nikakabidhi. Baada ya miezi mitatu wakaja na projekta, ukuta ukawaka, watoto wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mwisho yakapita majina: mkurugenzi, mhariri, mpiga muziki, nembo nne za wafadhili. Halafu mstari mmoja, "michoro ya watoto wa kambini".

Msichana mmoja wa darasa la saba, wa kwetu, bibi yake na bibi yangu walitoka Chovai mashua moja, akanivuta shati. "Kaka, yule mbuzi ni wangu. Jina langu li wapi?"

Sikuwa na jibu. Na kusema kweli kosa la kwanza lilikuwa langu: sikuandika majina nyuma ya karatasi. Karatasi zenyewe hazijarudi mpaka leo.

Nilipoanza kusoma habari za watu waliochora vibonzo vya gazeti kisha wakaingia kwenye filamu za katuni, kumbe swali la huyu msichana ni la zamani kuliko kambi zote. Limeulizwa tangu siku ya kwanza.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane maneno. Sisi tunasema "katuni" kwa kila kitu: mchoro wa gazetini ni katuni, na ya kwenye TV ni katuni. Hapa nitasema vibonzo kwa michoro ya karatasi, ile ya visanduku visanduku na watu wanaosemea kwenye viputo, na filamu za katuni kwa ile inayotembea. Ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa mkono ni ule ule. Kibonzo unakifanya peke yako, kalamu moja, jioni moja. Filamu ya katuni ni hesabu ya kutisha. Sinema inapita picha 24 kwa sekunde. Hata ukifanya ujanja wa kuacha kila mchoro ukae picha mbili, unabaki na michoro 12 kwa sekunde. Dakika moja ni michoro 720. Chukua daftari la kurasa 96, jaza kila ukurasa mchoro mmoja: utamaliza madaftari saba na nusu kwa dakika moja tu ya mbuzi anayenawa mikono. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi, au akiweza atazeeka nayo. Anahitaji mikono ya wengine na pesa ya wengine, na hapo ndipo majina yanaanza kupotea.

Wa kwanza kumtaja ni Mfaransa, Émile Cohl. Huyu alikuwa mchora vibonzo na vikaragosi wa magazeti ya Paris, na alipofika umri wa miaka hamsini ndipo akaingia kwenye filamu. Mwaka 1908 alitoa filamu ya dakika moja na kitu iitwayo Fantasmagorie, michoro kama 700, mistari myeupe juu ya weusi, kikaragosi kinageuka chupa, chupa inageuka ua. Wengi wanaihesabu kuwa filamu ya katuni ya kwanza kabisa iliyochorwa kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1912 akahamia Marekani kufanya kazi katika tawi la kampuni ya Kifaransa huko Fort Lee. Pale alipewa kibonzo cha mtu mwingine, cha George McManus, kilichopendwa sana gazetini, akigeuze filamu. Cohl akachora kila kitu. Matangazo yalipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la McManus, mwenye kibonzo. La Cohl halikuwepo. Kisha mwaka 1914 moto ukateketeza ghala la ile kampuni, na filamu zake karibu zote za Marekani zikaungua humo. Alikufa maskini mwaka 1938.

Halafu kuna Winsor McCay, Mmarekani. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

McCay alikuwa na kibonzo katika gazeti la New York Herald tangu 1905, Little Nemo, cha mtoto ambaye kila wiki anaota ndoto ya ajabu na kila wiki anaamka kitandani. Mwenyewe alisema wazo la kufanya picha zitembee alilipata kwa vile vijitabu vya mwanawe, vya kufunuafunua kwa kidole gumba. (Vijitabu hivyo hivyo tunavyovitengeneza sisi pembeni mwa daftari la hesabu wakati mwalimu amegeuka.) Mwaka 1911 akatoa filamu ya Little Nemo, michoro kama 4,000. Mwaka 1914 akatoa Gertie, dinosari mkubwa wa kike, mwenye haya, anayelia akigombezwa. McCay alisimama jukwaani mwenyewe na mjeledi mkononi, anamwamuru Gertie ainame, na Gertie kwenye pazia anainama. Watu walidhani ni uchawi. Kazi ya kuchora milima na miti nyuma ya Gertie, ile ile, tena na tena kwenye maelfu ya karatasi, alimpa kijana jirani yake aliyekuwa akijifunza uchoraji, John Fitzsimmons. Jina lake tunalo kwa sababu lilibaki kwenye kumbukumbu, na yeye mwenyewe aliishi akasimulia. Bahati yake.

Lakini filamu iliyonishika mimi ni ya 1918, ile ya kuzama kwa meli Lusitania. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Wajerumani iliipiga meli ya abiria ya Waingereza karibu na Ireland. Walikufa watu 1,198. Hakuna kamera iliyokuwepo pale. Hakuna hata picha moja ya meli ikizama. McCay akaamua kuchora kile ambacho kamera haikukiona. Ilimchukua miezi 22 na michoro kama 25,000, kwa pesa yake mwenyewe. Na mnajua mchana alikuwa akifanya nini? Alikuwa ameajiriwa na William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, ambaye hakutaka Marekani iingie kwenye vita ile. Kwa hiyo mchana McCay alichora vibonzo vya siasa vya kumpendeza bosi, na baada ya kazi alirudi kwenye meli yake inayozama. Mkono mmoja, mchana wa bosi, usiku wa kwake. Baadaye Hearst alimbana zaidi, akamtaka aache maonyesho ya jukwaani na akae mezani achore anachoambiwa.

Nilipoitazama ile filamu kwenye simu, dakika kumi na mbili hivi, nilimuita bibi yangu aje aone. Bibi aliondoka Chovai 1991 serikali ilipoanguka na bunduki zikafika hadi visiwani. Walipita baharini kuja Kenya, mashua zimejaa mpaka maji yanagusa ubao. Wengine hawakufika. Bibi anawataja mpaka leo akiwa anachambua mchele, mmoja mmoja, kwa jina na jina la baba. Hakuna kamera iliyowaona wale pia. Akaangalia meli ya McCay inalala ubavu, watu wadogo kama mchwa wanaruka majini, moshi unapanda pole pole. Akanyamaza. Halafu akasema, "Aliyechora hii alikuwemo?" Nikamwambia hapana bibi, alisimuliwa na mwandishi aliyewahoji walionusurika. Akasema, "Basi alisikiliza vizuri."

Sasa kuna jambo dani ya filamu hiyo lililonirudisha kwa msichana wangu. Katikati McCay anaonyesha sura za baadhi ya waliokufa na majina yao. Ni akina nani? Tajiri Vanderbilt, mwandishi mashuhuri, mwenye majumba ya tamthilia. Karibu mwisho anaonyesha mama anazama huku amemwinua mtoto wake juu ya maji. Picha hiyo ndiyo kila mtu anaikumbuka. Mama hana jina.

Simlaumu McCay sana. Watu 1,198 usingeweza kuwataja wote kwa dakika kumi na mbili. Lakini naona jinsi mambo yanavyokwenda: hata kwa mtu mwenye moyo mzuri, wenye majina wanaongezewa jina, na wengine wanabaki kuwa "mama na mtoto". Au "watoto wa kambini".

Kesi ya kuudhi kuliko zote ni ya paka. Felix, paka mweusi, mnamuona mpaka leo kwenye fulana. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1919. Studio ilikuwa ya Pat Sullivan, Muaustralia aliyekuwa mchora vibonzo New York, na kwenye filamu liliandikwa jina la Sullivan. Mezani aliyekuwa akichora na kuongoza kazi alikuwa Otto Messmer, naye pia alianza kwenye vibonzo vya magazeti. Mwaka 1923 Felix akaingia magazetini kama kibonzo, Messmer akachora hicho pia, kwa miaka mingi, na saini bado ni ya bosi. Sullivan akafa 1933. Messmer hakupiga kelele. Ilipita miongo kabla ya watafiti na wachoraji wenzake kuanza kusema hadharani kwamba paka ni wa Messmer, naye akiwa mzee tayari. Australia wako ambao mpaka leo wanabisha, wanasema Sullivan ndiye. Ndiyo matokeo ya kutoandika jina tangu mwanzo: unaacha ugomvi usioisha, na wewe mwenyewe huwezi kuthibitisha.

Japani nitapita haraka kwa sababu wapenda anime kwenye kikundi wataniandikia kurasa kumi. Osamu Tezuka alianza kuchora vibonzo vya Astro Boy mwaka 1952, akafungua studio yake, na tarehe 1 Januari 1963 Astro Boy akaanza kuonekana kwenye TV. Jina lake hakulipoteza, hilo alilishika. Alichopoteza ni studio. Alikubali kuuza vipindi kwa bei ya chini mno, na mwaka 1973 studio ikafilisika. Mnaosema mkipata studio shida zenu zimekwisha, msome hapo.

Turudi kwetu.

Afrika Mashariki vibonzo vilikuwepo kabla ya TV kuingia majumbani. Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, na wasomaji wa Taifa Leo walikua naye. Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Hawa walikuwa watu wa karatasi. Aliyevuka hadi kwenye TV na kazi yake ikaonekana nchi nzima ni Gado.

Jina kamili Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1969. Alianza kusomea usanifu wa majengo, akaacha, na mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation. Nawakumbusha tu: mgeni, kijana wa miaka ishirini na tatu, amevuka mpaka, mtaji wake ni kalamu. Mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ikatoa kitabu chake cha vibonzo, Abunuwasi, kwa Kiswahili.

Bibi yangu hajui kusoma herufi za kizungu, lakini Abunuwasi anamjua kuliko Gado. Chovai, anasema, hadithi za Abunuwasi zilikuwa za usiku, baada ya nyavu kuanikwa, na kila mzee alikuwa na Abunuwasi wake. Nilimwonyesha picha ya jalada. Akacheka, akasema huyu mnene sana, Abunuwasi wa kwetu alikuwa mkavu, anashinda njaa. Hadithi haina mwenyewe, lakini ile sura, ile pua, ule mkunjo wa kanzu, ni vya Gado na jina lake liko juu ya jalada. Vitu hivi viwili watu wanavichanganya. Hadithi ya bibi ni ya wote, mchoro wa mjukuu wake ni wa mjukuu.

Baadaye Gado akaenda Kanada, Vancouver, kusomea filamu za katuni zile za kuchora kwa mkono pamoja na utengenezaji wa filamu. Mwaka 2009 ukaanza XYZ Show kwenye Citizen TV. Najua mtaniambia hiyo si filamu ya katuni, ni sanamu za mpira. Sawa, nakubali, mawazo yalitoka kwa vipindi vya sanamu vya Uingereza na Ufaransa. Lakini angalia kilichotokea: vile vichwa vya wanasiasa alivyovichora kwa wino kwa miaka mingi, masikio makubwa, midomo mirefu, vikafinyangwa, vikatiwa mkono ndani, vikaanza kusema. Kibonzo kilisimama kikatembea. Na tazama ilivyogeuka kutoka kazi ya mtu mmoja. Palihitajika wachongaji, waandishi, watu wa sauti, wachezesha sanamu, kampuni ya kutengeneza na wafadhili. Bila pesa ya kila msimu, vichwa vinakaa kabatini.

Wino ulibaki kuwa njia yake ya peke yake. Huko nao una gharama: Januari 2015 serikali ya Tanzania ilisimamisha gazeti la The EastAfrican, na kibonzo chake cha rais wa wakati huo kilikuwa sehemu ya ugomvi ule. Mwaka 2016 mkataba wake Nation haukuendelezwa. Akahamia The Standard. Meza ilibaki Nation, saini akahama nayo.

Wakongomani wa kikundi, msinune, wenu nimemweka mwisho kwa sababu ndiye niliyempenda zaidi. Jean-Michel Kibushi si mchora vibonzo wa magazeti, alitoka kwenye tamthilia, kwa hiyo hapa natoka nje ya mada hatua moja. Mwaka 1991 alitoa filamu ya katuni ya chura anayekwenda ukweni, hadithi ya masimulizi ya kwao. Septemba mwaka huo huo Kinshasa ikaporwa, wanajeshi na raia, maduka yakabaki kuta. Mwaka 1992 Kibushi akatoa filamu fupi kuhusu siku zile, na alichotumia ni michoro ya watoto walioziona. Yaani bunduki kubwa kuliko mtu, gari dogo kuliko televisheni inayobebwa juu yake, vile mtoto anavyopima ukubwa wa vitu kwa hofu yake. Ni McCay na Lusitania tena, ila safari hii waliochora walikuwemo.

Nimewaza sana kuhusu tofauti ya filamu ile na ile ya kunawa mikono. Zote mbili michoro ya watoto. Moja watoto walikuwa mashahidi wa jambo lao. Nyingine walikuwa kama wauza mkaa, umechukua gunia umeondoka, na hata mkaa unalipiwa. Ndugu zangu wa mashirika, siwagombezi. Najua fomu mlizo nazo, na najua mtasema majina ya watoto yanafichwa kwa usalama wao. Ni kweli, kuna mtoto ambaye jina lake likionekana kuna mtu atamtafuta. Basi muulizeni yeye na mzazi wake. Jina la kwanza tu linaweza kutosha, au jina la utani alilolichagua mwenyewe. Huyu wangu angechagua, namjua, angechagua jina refu kama la mfalme.

Nilimwambia habari ya Messmer na paka wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mzee alikasirika. Nikasema wanaeleza alikuwa mtu mpole, hakusema kitu. Akasema, "Mimi si mpole."

Sasa ameanza kibonzo. Ni visanduku vinne kila wiki kwenye daftari la mistari, kuhusu mbuzi anayefika kambini bila kadi ya chakula na kila ofisi inamwambia nenda ofisi nyingine. Wa kwanza aliyecheka ni askari wa getini. Pembeni pa kila kisanduku, si pa ukurasa, pa kila kisanduku, ameandika jina lake, la baba, la babu, na chini yake Chovai, kwa herufi ndogo ndogo mpaka mbuzi anakosa pa kukanyaga. Nimemwambia mara moja kwa ukurasa inatosha. Hataki.

Jumamosi baada ya alasiri tunaanza kutengeneza vijitabu vya kufunuafunua kituoni. Leteni daftari na penseli, kalamu ya wino inatoka upande wa pili. Na bahasha ya shirika jipya imeshafika, wanataka michoro kuhusu maji. Iko mezani kwangu, bado tupu. Nimewaandikia swali moja na nasubiri jibu.